Petroli Haivutwi na Sumaku

Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinunua sumaku mbili mnadani Kasulu kwa shilingi 25,000. Muuzaji alizifunga mwenyewe kwenye mpira wa mafuta wa pikipiki yake, akamhakikishia kwamba lita mbili sasa zitafanya kazi ya lita tatu. Mdogo wangu ni bodaboda wa mkataba. Hesabu ya bosi hailali, abiria wawepo wasiwepo. Alitoa pesa ya chakula.

Baada ya wiki alinipigia: "Kaka, inafanya kazi!"

Nikamuuliza siku hizi anaendeshaje. Polepole, alisema, anaisikilizia sumaku. Filta ya hewa? Muuzaji aliipuliza vumbi alipokuwa akifunga. Matairi? Yalijazwa upepo siku hiyo hiyo. Sasa nani ameokoa mafuta hapo?

Nilimwomba apime. Ajaze tenki mpaka mdomoni, aende Makere na kurudi, ajaze tena, aandike. Kisha azifungue sumaku, arudie njia ile ile kwa mwendo ule ule. Alifanya hivyo mara tatu kila upande. Hakuona tofauti.

Wauzaji husema sumaku "inapanga" petroli ili iungue vizuri. Petroli si chuma. Tena injini nzima huunguza karibu petroli yote inayoingia. Hasara kubwa ni joto linalotokea kwenye bomba la moshi na kwenye injini yenyewe. Sumaku iliyofungwa kwenye mpira haiwezi kulirudisha joto hilo. Huko Marekani, shirika la serikali la mazingira, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya kuokoa mafuta. Ni vichache tu vilivyosaidia, tena kidogo sana. Na kama sumaku ya bei hii ingefanya kazi, viwanda vinavyogombania wateja kwa sifa ya kula mafuta kidogo vingeshaifunga zamani.

Najua nitaambiwa: msomi wa chuo anajua nini kuhusu bodaboda? Sibishani na uzoefu wao. Nabishana na uzoefu usiopimwa. Mtu aliyetoa 25,000 hapendi kukubali kwamba ameliwa, na shuhuda wake ndio unaomleta mteja wa pili.

Kinachoniudhi ni mahali biashara hii inapofanyika. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na mafuta ya Kasulu na Kibondo husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam. Kila kilomita imo kwenye bei. Anayeumia zaidi ndiye anayewindwa.

Pesa ile ingenunua plagi, filta na oili, na chenji ingebaki.

Sumaku zenyewe mdogo wangu amempa fundi wa pancha, anaziburuza chini asubuhi kuokotea misumari. Hapo kweli zinasaidia.