Pesa ya Biashara Changa ni Mbegu, Si Akiba

Siku hizi vijana wengi wenye elimu hurudi nyumbani na shauri la biashara mpya: kukausha maembe, kuuza maziwa kwa chupa, au kumtafutia mkulima mnunuzi kwa simu. Huwaomba wazee na jamaa watie pesa, nao wapewe sehemu ya biashara, yaani hisa. Si jambo baya. Lakini yafaa mkulima ajue mambo manne kabla ya kuuza ng'ombe.

Kwanza, biashara changa nyingi hufa. Matajiri wa kazi hii hugawa pesa zao katika biashara kumi, ishirini au zaidi, wakijua kwamba nyingi zitapotea, na chache zitarudisha hasara ya zile nyingine. Wewe mwenye ng'ombe wawili huwezi kufanya hivyo peke yako. Basi usitie pesa ya karo, wala usiweke hati ya shamba rehani. Toa kiasi ambacho kikipotea chote, watoto watakula na kusoma kama kawaida. Mkitaka kujaribu zaidi, jiungeni katika chama, kila mtu atoe kidogo, nanyi mgawe pesa hizo kwa biashara kadhaa.

Pili, mauzo si faida. Kampuni ya Kune ya Nairobi iliuza chakula kilichopikwa tayari. Mwaka 2021 ilipata dola milioni 1 kwa wenye mitaji, ikauza vyakula zaidi ya 55,000. Hata hivyo ilifungwa Juni 2022, kwa kuwa bei ya kama dola 3 kwa chakula haikutosha kuiendesha. Wanunuzi walikuwapo, faida haikuwapo. Kwa hiyo mwulize kijana: chupa moja yakugharimu shilingi ngapi mpaka imfikie mnunuzi, nawe wabakiwa na ngapi? Akisema faida itakuja chupa zikiwa nyingi, mpe hesabu hii: apotezaye shilingi 5 kwa chupa moja, kwa chupa 1,000 amepoteza shilingi 5,000. Ni lazima aonyeshe ni gharama gani itakayopungua.

Tatu, uliza mnunuzi atatoa wapi pesa. M-KOPA ilipoanza kuuza taa za jua kwa malipo madogo madogo ya simu mwaka 2012, watu wengi wasio na umeme walikuwa wakitoa pesa kila siku kununua mafuta ya taa. Pesa ilikuwa tayari mkononi. Ilibadili njia tu. Biashara inayongoja watu waanze kutumia pesa wasiyokuwa nayo itangoja sana.

Nne, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkubaliane kwa maandishi kama pesa yako ni mkopo au ni hisa. Mkopo hudaiwa, hisa haidaiwi, bali hupanda na kushuka pamoja na biashara. Kampuni ikiwa imeandikishwa, taka kuona karatasi ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, uone kama jina lako limo. Tena jua kwamba kampuni ya binafsi haina ruhusa kuwa na wenye hisa zaidi ya 50, wala kutangazia watu wote wanunue hisa zake. Anayeziuza sokoni kwa kipaza sauti, mkimbie.

Mahindi huvunwa baada ya miezi michache. Hisa za biashara changa zaweza kukaa miaka saba au kumi, na katika muda huo huenda usipate mtu wa kuzinunua.

Wako wasemao heri kuwanyima vijana kabisa, pesa zote ziende kwenye ardhi. Mimi sikubali. Ardhi haiongezeki, na watoto wetu ni wengi. Kijana anayejibu maswali haya kwa hesabu safi astahili kusaidiwa. Asiyeweza kujibu, usimfukuze. Mpe kalamu na daftari, na siku ya kurudi.