Mtu na Jina Lake Safarini



Katika nchi ya Kanada mna gari la moshi linalotoka Toronto, upande wa mashariki, likaenda hata Vancouver, penye bahari ya Pasifiki. Njia yake ni kilomita 4,466, karibu mara tatu ya reli itokayo Lubumbashi hadi Ilebo, na wasafiri hulala humo usiku nne. Laitwa The Canadian, ndiyo kusema Mkanada. Lilianza kazi tarehe 24 Aprili 1955, na mabehewa yake ya chuma kisichoshika kutu, yaliyoundwa Marekani miaka ile, yangali yanakwenda hata leo. Tulitazame siku moja tu, siku ya nne, maana ndiyo inayosifiwa kwa uzuri wa milima. Lakini mimi nataka tuwatazame watu walio ndani kabla ya milima iliyo nje.

Asubuhi gari limekwisha acha mji wa Edmonton. Wasafiri huamka, huenda katika behewa la chakula kunywa kahawa na kula mayai, na warudipo mahali pao huona kwamba vitanda havipo tena. Cha juu kimefungwa, cha chini kimegeuka kuwa viti viwili vinavyoelekeana, na mashuka yamekwisha ondolewa. Mtumishi wa behewa, mwanamume au mwanamke, mweupe au mweusi, amefanya kazi hiyo yote wao walipokuwa mezani. Humshukuru, nao humwita kwa jina lake.

Jambo hilo la jina laonekana dogo, lakini halikupatikana bure.

Tangu mwisho wa karne ya 19 makampuni ya reli ya Kanada yaliajiri watu weusi kuwa watumishi wa mabehewa ya kulala. Wengine walikuwa wazaliwa wa Kanada hiyo hiyo, kama wale wa Nova Scotia. Wengine walitoka Marekani na visiwa vya Karibi. Walikuwamo hata waliosoma shule za juu, ila kazi za elimu yao walinyimwa. Mtumishi alibeba mizigo, alitandika vitanda, alitunza watoto wa wageni, na usiku, wote walipolala, alipiga viatu vyao rangi, na rangi ile aliinunua kwa fedha yake mwenyewe. Yeye alijilaza kidogo tu, penye nafasi, huku akisikiliza kengele ya wasafiri. Mshahara ulikuwa mdogo, hata ilimpasa kutegemea bakshishi. Basi ilimpasa pia kucheka alipotukanwa.

Na wasafiri walimwita nani? Walimwita George. Yeye, na mwenzake wa behewa la pili, na yule wa behewa la tatu, wote George! Jina hilo lilikuwa la George Pullman, tajiri wa Marekani aliyejulikana kwa mabehewa ya kulala. Ikawa kama mtumwa wa zamani aliyeitwa kwa jina la bwana wake. Wazee wetu wa Kongo, waliokuwa na wake na watoto, wakaitwa «boyi» hata na mtoto mdogo wa bwana, hawana haja ya kuelezwa uchungu huo. Padri anapobatiza, kabla hajagusa maji, huwauliza wazazi: mtoto huyu mmempa jina gani? Jina latangulia yote. Sasa baba aliyenyimwa jina lake kazini mwezi mzima, arudipo nyumbani atawafundishaje watoto wake kujiheshimu?

Na nyumbani penyewe hakukaa sana. Kwenda bahari moja na kurudi kulikula siku nyingi, na mama alibaki peke yake na watoto, na kodi ya nyumba, na baridi ya Kanada, ambayo si jambo la mchezo. Ndiyo sababu nawasifu wanawake hao: walipoona waume zao wanaunda chama cha wafanyakazi, hawakuwaambia wanyamaze wasije wakafukuzwa, bali waliunda chama chao cha kuwasaidia.

Maana chama kilihitajiwa. Mwaka 1917, mjini Winnipeg, John Arthur Robinson na wenziwe waliunda chama cha watumishi weusi, kwa sababu chama cha wafanyakazi weupe wa reli kiliwafungia mlango. Baadaye kikaingia Kanada kile chama kikubwa cha Marekani kilichoongozwa na A. Philip Randolph. Mwaka 1945 kampuni ya Canadian Pacific ilikubali kutia sahihi mapatano nacho. Watumishi walipata nyongeza ya mshahara, malipo ya saa zilizozidi, na wiki moja ya pumziko lenye malipo. Wakapata na haki nyingine isiyo ya fedha: kuweka katika behewa kibao chenye jina la mtumishi, ili msafiri asiwe na udhuru. Ukondakta, lakini, walizidi kunyimwa, ikawapasa kuushindania tena katika miaka ya 1950 na 1960.

Mmoja wa watu hao alikuwa Stanley Grizzle, aliyezaliwa Toronto mwaka 1918, kifungua mimba katika watoto saba. Aliingia kazi hiyo akiwa kijana, apate kuwasaidia wazazi wake. Akawa kiongozi katika chama, na hatimaye, katika miaka ya 1970, serikali ilimfanya hakimu wa uraia, yule ambaye wageni husimama mbele yake kula kiapo cha kuwa Wakanada. Mwaka 1998 alitoa kitabu cha habari za chama chao, na jina la kitabu ni hili: My Name's Not George, yaani, Jina Langu Si George. Alifariki mwaka 2016.

Turudi garini. Mara gari lasimama porini, pasipo stesheni. Msishangae. Reli si mali ya gari hili. Sehemu kubwa ni ya kampuni ya magari ya mizigo, nayo mahali pengi ni njia moja tu. Gari la shehena huweza kupita urefu wa kilomita tatu, haliwezi kujificha katika njia ya kando. Basi watu huingoja ngano ipite. Ratiba huharibika, na wenye haraka hununa.

Kisha ni Jasper, mji mdogo katikati ya milima, ambao moto wa pori uliteketeza sehemu yake mwezi Julai 2024. Baada ya Jasper njia hupita katika mlango wa milima uitwao Yellowhead, na pasipo mawingu huonekana mlima Robson, mita 3,954, wenye theluji mwaka mzima. Wasafiri hupanda katika behewa lenye paa la kioo, hata waliokuwa wamenuna.

Giza likiingia, mtumishi hupita tena, hushusha vitanda, hutandika mashuka. Kesho yake asubuhi, kama magari ya mizigo yameruhusu, wataamkia Vancouver.