Kabla ya kuuza hatifungani Uvira

Mvuvi wa Kalundu, Uvira, akivua ndagala vizuri, faida yake huigeuza dola au huitia katika likelemba, mchango wa zamu. Mkulima wa bonde la Ruzizi hununua ng'ombe. Husemwa mara nyingi kwamba watu hawa wanahitaji kufundishwa faida za benki. Nakataa. Faida hizo walizijua zamani, na hasara za benki pia.

Mwaka 1950 Wabelgiji walianzisha Sanduku la Akiba la Kongo na Ruanda-Urundi, ambalo leo ni CADECO. Uvira na Usumbura (Bujumbura ya leo), ng'ambo ya Ruzizi, zikawa chini ya taasisi moja ya akiba. Aliyeweka fedha alikuwa na kitabu chake, na nyuma ya kitabu ilisimama serikali.

Mwaka 1967 zaire 1, sarafu ya nchi wakati huo, ilikuwa dola 2. Desemba 1979 Rais Mobutu alibatilisha noti za zaire 5 na 10, akatoa siku chache za kuzibadilisha, kwa kikomo. Walioishi mbali na benki waliumia zaidi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Piga hesabu: zaire bilioni 300 za zamani kwa faranga moja. Vitabu vya akiba vilimalizwa na serikali iliyochapisha noti kulipa matumizi yake, bila mwizi yeyote kuvunja mlango.

Tangu 2019 Kinshasa inauza hatifungani za Hazina kwa mnada, na wanunuzi wakubwa ni mabenki. Mwananchi wa kawaida hayumo. Kenya ilijaribu kumwingiza mwaka 2017 kwa M-Akiba: hatifungani ya simu, kuanzia shilingi 3,000. Mauzo hayakufikia lengo, ingawa Wakenya hawakuwahi kufutiwa akiba namna hii. Simu hurahisisha kununua. Haimpi mtu sababu ya kuamini. Na Kivu ina swali jingine: Aprili 2025 waasi wa M23 walifungua tena CADECO ya Goma, Kinshasa ikakana uhalali wake. Mwenye akiba amdai nani?

Kwa hiyo naitaka serikali ianze na deni la zamani. Wenye vitabu, au warithi wao, waorodheshwe na walipwe kwa dola, hata kwa kikomo kidogo. Vitabu vingi vimepotea vitani, kweli, lakini hilo si sababu ya kuwanyima wale ambao bado wanavyo. Hatifungani ndogo ya dola ifuate malipo hayo, isiyatangulie.