Maji ya paa kwenye parseli: shauri la Goma si shauri la Bukavu

Kila mwaka karibu na mwezi wa sita, mvua inapokatika, misururu ya bidoni inarudi kwenye robine za Goma na Bukavu. Wamama na watoto wanaamka usiku kutafuta maji, na wengine wanashuka hadi Ziwa Kivu. Mwezi wa tisa mvua inaporudi, maji yanashuka barabarani, yanachimba udongo, yanasukuma kuta na kuingia kwa jirani. Nyumba zenye kiu wakati wa kiangazi ndizo hizo zinazofurika wakati wa mvua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimeta 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimeta 20 ikinyesha mara moja, inapokea lita 1.000, ni kusema bidoni 50 za lita 20. Hata kama sehemu inapotea njiani, mengi yanabaki. Na miji hii miwili inapata zaidi ya milimeta 1.000 za mvua kwa mwaka. Shida kubwa ni mahali maji hayo yanapoelekea yakitoka kwenye mabati, na kile mwenye parseli amepanda au amejenga pale yanapoangukia.

Goma: udongo haba juu ya mawe ya moto

Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kwenye ukingo wa mji, lakini iliharibu tangi na mabomba ya maji, na mitaa mingi ikabaki bila robine. Januari 2025, wakati wa mapigano, maji yalikatika tena na watu wakachota ziwani, hofu ya kolera ikiwa kichwani mwa kila mzazi.

Mawe hayo yana matundu. Maji yanapita haraka na kwenda chini, kwa hiyo mboga inaanza kunyauka baada ya siku chache bila mvua. Ndiyo maana bustani ya Goma inahitaji kutengenezewa udongo wake. Mwenye parseli anapanga mawe kama ukingo, anajaza udongo na mbolea ya mifugo au takataka za jikoni zilizooza, halafu anafunika juu na majani makavu au majani ya ndizi. Kifuniko hicho kinazuia jua kunyonya maji, na kikioza kinakuwa mbolea. Kumwagilia ni jioni au asubuhi mapema, karibu na shina. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanaenda kwenye migomba. Lengalenga inapandwa karibu na jiko, pale maji yanapofika kwa urahisi, na viazi vitamu vinatandaa na kufunika udongo vyenyewe. Majani mafupi ya mapambo, yale ya kukatwa kila juma, ndiyo yanayokunywa bure maji ya familia.

Kuna onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Watafiti waliopima maji ya mvua katika vijiji vilivyo chini ya moshi wa Nyiragongo walikuta floridi nyingi, ambayo inaharibu meno na mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji ya paa ni mazuri kwa bustani na usafi wa nyumba, lakini si salama kwa kunywa eti kwa sababu tu yanaonekana safi. Na pipa lolote lifunikwe, mbu wasizalie humo.

Bukavu: shimo linaweza kuleta hatari

Hapa ndipo mashauri yanayozunguka kwenye simu yanapoharibu kazi. Mengi yanasema: chimba shimo, maji ya paa yaingie ardhini. Kwenye uwanja tambarare ni sawa. Kwenye mteremko wa Kadutu ni jambo lingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulifuatilia maporomoko makubwa ya Funu kwa miaka mingi, na ukaonyesha kwamba ardhi iliongeza mwendo kadiri nyumba zilivyoongezeka. Ardhi yenye mteremko ikishiba maji inakuwa nzito na kuteleza.

Kwa hiyo mkaaji wa mteremko anahitaji mfereji unaopeleka maji mpaka kwenye mfereji mkubwa wa avenyu, na pipa la kupunguza nguvu yake. Kumwaga maji upande wa jirani wa chini ni kumhamishia hatari. Vetiva, ambayo mizizi yake inaweza kushuka mita 2 hadi 3, inashika udongo wa juu pembeni ya ukuta. Lakini haizuii mlima unaotembea kutoka chini sana, na asiambiwe mtu kwamba itamwokoa.

Elimu inakwama wapi?

Kivu ya Kusini haikosi watafiti. INERA iko Mulungu, kituo cha utafiti kiko Lwiro, na vyuo vikuu viko Bukavu kwenyewe. Lakini mashauri ya kilimo yanalenga zaidi mashamba: muhogo, maharagi, kahawa. Parseli ya mita 15 kwa 20 mjini inabaki bila mtu wa kuisemea.

Huko Denver, Marekani, mji wenye mvua kidogo kuliko Goma, shirika la maji lenyewe mwaka 1981 lilikaa pamoja na chuo kikuu na watu wa bustani, wakaandika kanuni chache za bustani isiyokula maji. Muuzaji wa maji ndiye aliyefundisha wateja kuyatumia kidogo.

Hapa kwetu kuna vizuizi vingine pia. Mpangaji hawezi kununua tangi kwa ajili ya nyumba ambayo atafukuzwa kesho, na mwenye nyumba haoni faida yake. Kumwaga simenti kwenye uwanja mzima kunahesabiwa kuwa maendeleo, wakati maji yote yanatupwa barabarani. Na mfereji wa avenyu ukijaa takataka, kazi ya nyumba moja inapotea.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni avenyu. Siku ya salongo, chefu wa avenyu anaweza kuita agronomu mmoja na fundi mmoja, watembee toka nyumba ya juu hadi ya chini, waonyeshe maji ya kila paa yanakopita. Hilo linafanyika vizuri zaidi mwezi wa nane, kabla ya mvua ya kwanza.