Upendo wa kweli hurudisha deni

KILA Jumapili asubuhi, barabara inayopanda kutoka Mengo hadi Kanisa Kuu la Namirembe hujaa waumini. Wanasalimiana kwa furaha na kuitana ndugu. Ni jambo jema. Lakini Jumatatu sokoni, baadhi ya ndugu hao hao hukwepana, kwa kuwa mmoja anamdai mwenzake, naye mdaiwa hataki kuulizwa.

Nami simo nje ya lawama hii. Kabla sijaondoka nchini nilikuwa nikila kwa mkopo kwa mama mmoja pale Mengo. Niliondoka bila kumlipa. Niliporudi baada ya miaka kadhaa, nilizunguka njia nyingine kwa miezi mingi ili nisikutane naye, huku ibada sikosi. Siku niliyojikaza kumwendea, aliniuliza tu: "Mwanangu, ulikuwa unanikimbia kwa sababu ya chakula?" Nilimpa fedha. Akazihesabu, akachukua haki yake, na kilichozidi akanirudishia.

Siku hiyo nilielewa kwamba wimbo si kipimo cha upendo. Kipimo ni je, unaweza kumtazama usoni yule uliyemkosea?

Mlima huu una historia ya jambo hilo. Mwaka 1929, hapo Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Dk. Joe Church, mganga Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Urafiki wao ulikuwa chimbuko mojawapo la uamsho uliovuka mipaka ya Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Wengi huwakumbuka Balokole kwa nyimbo zao. Lakini kilichowashangaza majirani ni kuona mtu anabisha hodi akiwa amebeba kitu alichoiba zamani, au anakuja kulipa deni lililokwisha sahauliwa. Hata wamisionari Wazungu walifika mahali pa kuwaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao.

Miongoni mwa waliolelewa katika uamsho huo ni Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Namirembe kaburi lake lilichimbwa, lakini mwili haukuletwa. Siku chache baada ya mauaji hayo, Kivengere na mkewe, Mera, walikimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alikiri kwamba chuki ilikuwa imemjaa moyoni, akaomba aondolewe. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Hata hivyo, hakuacha kuyalaani mauaji hadharani. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kivengere alirudi nyumbani.

Sasa tujiulize. Ikiwa mkimbizi yule aliweza kumsamehe mtu aliyemwaga damu ya rafiki yake, sisi tunaovunja undugu kwa ajili ya gunia la mahindi tuna udhuru gani?

Nawaandikia hasa wenzangu waliorudi kutoka nje, na wale wanaotafuta riziki Busia, Malaba, Mutukula na Katuna. Biashara ya mpakani inaendeshwa kwa mali kauli: chukua mzigo leo, utalipa ukiuza. Mpaka wa Katuna ulipofungwa Februari 2019 hadi ulipofunguliwa tena Januari 2022, mwenye kudai upande mmoja hakuweza kirahisi kumfikia mdaiwa wake upande wa pili. Katika hali kama hiyo, mdaiwa hulindwa na mpaka dhidi ya mdai wake, lakini si dhidi ya dhamiri yake.

Kwa waliorudi, mara nyingi jambo lenyewe ni shamba au kiwanja. Unakuta jirani amelima sehemu yako. Upendo haukuambii uiache haki yako. Unakuambia umwendee kwanza, mkae na wazee, umsikilize, kabla ya kukimbilia polisi au kumchafulia jina.

Wapo watakaosema biashara haina dini. Nao wana hoja, kwani wako matapeli wanaotumia jina la Yesu kukopa. Basi andikeni madeni yenu kwenye daftari na kuweka mashahidi. Kuandika si kukosa upendo. Kunamlinda mkopeshaji, na kunamlinda mdaiwa asije akajaribiwa kukana.

Na asiye na uwezo wa kulipa? Aende aseme. Aliyekopesha huumizwa na hasara, lakini huumizwa zaidi na simu isiyopokelewa.

Zakayo alikuwa mtoza ushuru, kazi ambayo wafanyabiashara wa mpakani wanaijua vizuri. Alipompokea Yesu nyumbani kwake hakuanza na wimbo. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne.

Hatuombwi mara nne. Tunaombwa tulipe kile kile tulichochukua, tena kabla ya Jumapili ijayo.