Viatu vya Swedi Haviogeshwi

Mwaka jana, siku chache kabla ya kwenda fildi, bumu liliingia. Nikashuka Karume pale Ilala nikanunua viatu vya swedi vya kahawia kwa shilingi 18,000. Muuzaji alianzia 30,000, kwa hiyo nilirudi hosteli nikijiona mjanja kweli. Vilikuwa vya mtumba, lakini kisigino hakijalika, na ukivipapasa unahisi ule ulaini kama wa mahameli. Nikasema, hivi ndivyo vitakavyoniingiza darasani.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoani Dodoma. Wiki mbili tu za kutembea kwenye vumbi, kahawia ikageuka kijivu. Jumamosi nikafanya kile ambacho wengi wetu tumelelewa nacho: ndoo, maji, sabuni ya unga, brashi ya kufulia. Nikasugua, nikavianika juani juu ya bati. Jioni nikakuta vitu viwili vigumu kama magome, vimepauka, na madoa ya maji yamejichora pembeni. Jumatatu nikavipeleka kwa fundi viatu wa pale senta. Akanituliza, "Dada, hii ni rangi tu," akavipaka rangi nyeusi ya maji. Vikatoka na mabaka yanayonata. Kidato cha pili waliniita Madam Magome mpaka naondoka.

Hilo la jina nililicheka hata mimi. Lililoniuma ni neno la msimamizi aliyekuja kunikagua. Somo lilikwenda vizuri, akasifia ubao wangu na vikundi vya wanafunzi, halafu akamalizia: mwalimu hujulikana kwa kiatu kinachong'aa. Nimelibeba neno hilo hadi leo, na sikubaliani nalo.

Kung'aa ni sifa ya ngozi iliyogeuzwa uso wake wa nje. Swedi ni upande wa ndani wa ngozi, ya kondoo, mbuzi au ndama, uliosuguliwa hadi ukatoa vinyweleo. (Jina lenyewe tumelipata kupitia kwa Wafaransa, waliokuwa wakiziita glavu za ngozi hii glavu za Sweden.) Haiwezi kung'aa. Ukiona swedi inang'aa, ujue imeshikwa na mafuta au imepakwa kitu kisichotoka tena, maana rangi na nta hugandisha vile vinyweleo pamoja. Sabuni na maji mengi nayo huondoa mafuta yanayoifanya ngozi iwe laini, na jua la saa saba linamalizia kazi. Sasa mwanafunzi anayeambiwa kiatu king'ae atafanya nini zaidi ya kukiua kiatu chake mwenyewe? Mimi niliua cha 18,000. Kwa bajeti ya fildi, hiyo si hela ndogo.

Aliyenifundisha ni mwalimu wa Jiografia wa shule ileile, mzee anayekaribia kustaafu. Anavaa buti za safari za swedi, zile za Bata ya Kenya, na zilikuwa nadhifu kuliko viatu vya walimu wote pale ofisini, ingawa hazing'ai hata chembe. Nilipomwamkia asubuhi ile alitazama miguu yangu akauliza, "Mwanangu, ulivifua?" Jioni akanionyesha. Anagonganisha soli nje vumbi lidondoke, kisha anachukua mswaki wa zamani, mkavu, anapiga mswaki kuelekea upande mmoja. Basi. Dakika tano. Kama ni tope, analiacha likauke kabisa kwanza, kwa sababu tope bichi ukilisugua unalisukuma ndani. Alama nyeusi ya kukwaruza anaifuta kwa raba ya kawaida ya kufutia penseli. Mimi sikuamini mpaka niliposhika raba mwenyewe.

Mengine nimeyajaribu baada ya kurudi chuo. Tone la mafuta ya chipsi: mwagia poda ya mtoto, iache usiku kucha inyonye, asubuhi piga mswaki. Doa sugu: siki nyeupe kidogo kwenye kitambaa safi, usilowanishe, na jaribu kwanza sehemu isiyoonekana karibu na kisigino. Vikinyeshewa, jaza magazeti ndani uviweke kivulini, mbali na jiko. Vinyweleo vikilala, vishikie kidogo juu ya mvuke wa sufuria halafu piga mswaki, vitainuka.

Mwenzangu wa chumbani anasema huo ni usumbufu, ninunue vya plastiki niviloweke kwenye ndoo. Namuuliza, ndoo ya maji yapi? Hosteli yetu maji yanakatika tunaamka saa kumi kusubiri bomba, na swedi haihitaji hata kikombe. Hapo alinyamaza. Ila anapata haki yake wakati wa masika: Dar ikinyesha, swedi ibaki kabatini, vaa ndala uende zako.

Kwa wasimamizi wetu, ombi langu ni moja. Mnapoandika neno unadhifu kwenye fomu zenu, tazameni kama kiatu ni kisafi na kimetunzwa, msitafute kioo. Nilisimama mbele ya wanafunzi 70 nikificha miguu nyuma ya meza, mimi niliyefundishwa kuzunguka darasani, kwa sababu tu nilivilazimisha viatu vifanye kazi isiyo yao.

Fundi simlaumu. Alikuwa na rangi, nami nilimwomba rangi. Mwezi uliopita nimenunua jozi nyingine palepale Karume, 15,000 safari hii, na mswaki wake nimeuandikia jina ili mwenzangu asije akaupigia meno.