Aliificha nyumba kwenye majani, akaishia kuibomoa!

Leo tunavuka maji, tunakwenda kwa Mfalme Charles. Nimeona niseme hili kwa sababu vijana wengi wa hapa mjini wanaamini kwamba ukishafika Uingereza, ukabeba maboksi yako kwa adabu, benki ikakukopesha na ukanunua kinyumba, basi umemaliza. Unavunja ukuta, unaongeza jiko, unasimamisha banda la uani na kulipangisha. Nani akuulize? Hati si iko kabatini?

Ndugu yangu, kaa kwanza nikupe mkasa.

Basi bwana, kulikuwa na mkulima mmoja anaitwa Robert Fidler. Jamaa alikuwa na shamba lake halali kabisa pale Salfords, katika halmashauri ya wilaya ya Reigate and Banstead, mkoa wa Surrey, kusini mwa London. Shamba lake, pesa yake. Ila eneo lenyewe liko ndani ya kile Waingereza wanachokiita ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozunguka miji ambayo haitakiwi kujengwa ovyo ovyo. Mzee mzima alijua fika kwamba akienda kuomba kibali cha nyumba mpya mahali pale, atarudi mikono mitupu.

Akafanyaje? Kati ya mwaka 2000 na 2002 alipanga marobota ya majani makavu, moja juu ya jingine, hadi yakafika kama mita 12 kwenda juu, kisha akafunika na maturubai. Mpita njia akiona anajua ni chakula cha ng'ombe. Kumbe nyuma ya majani kuna mafundi wanapandisha kasri! Kasri la kweli, lina minara miwili, na minara yenyewe ni maghala ya nafaka yaliyogeuzwa. Jamaa na familia yake wakahamia. Wakifungua dirisha asubuhi wanaona majani.

Usidhani alikuwa kichaa. Sheria ya wakati ule ilisema nyumba ikishakamilika, miaka 4 ikapita bila halmashauri kuchukua hatua, basi halmashauri imechelewa, nyumba imepona. Fidler akahesabu siku zake vizuri. Agosti 2006 akaondoa majani, kasri likatokeza hadharani.

Alichovuna ni kasheshe. Mwaka 2007 halmashauri ikamletea notisi ya kubomoa. Akakata rufaa, akashindwa. Akaenda Mahakama Kuu, na Februari 2010 jaji akampa jibu ambalo mpaka leo wanasheria wa ardhi wanalitaja. Yale marobota, alisema, yalikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe. Kwa hiyo ujenzi haukwisha mwaka 2002, uliisha siku majani yalipoondolewa. Miaka 4 ianze kuhesabiwa hapo! Jamaa aliendelea kuvuta kamba hadi Novemba 2015, mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi 3 kilichoahirishwa, kwa sharti kwamba kufika Juni 2016 kasri liwe chini. Akalibomoa.

Hakuwa peke yake. Kule Hertfordshire, kwenye halmashauri ya Welwyn Hatfield, Alan Beesley alipewa kibali mwaka 2001 cha kujenga ghala la majani. Kwa nje likawa ghala kweli. Kwa ndani lina vyumba vitatu vya kulala na sebule! Naye alisubiri miaka yake ikatimia, lakini mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikasema mtu hawezi kula matunda ya udanganyifu wake. Mwaka huo huo bunge likatunga sheria ya kuziruhusu halmashauri kumfuata mtu aliyeficha ujenzi, hata muda ukiwa umepita.

Sasa utauliza, kwani hawa watu wana nini? Mtu na ardhi yake!

Jibu liko mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili imekwisha, miji imepigwa mabomu, nyumba zinatakiwa haraka, na viongozi wanaogopa London isijitandaze mpaka baharini. Bunge likapitisha sheria ya mipango ya miji na vijiji, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1948. Toka siku hiyo, ardhi ilibaki yako, lakini haki ya kuijenga na kuibadilisha matumizi iliwekwa mikononi mwa serikali. Ukitaka, omba. Na wala usiwacheke, maana sheria ya mipango miji ya Tanganyika ya mwaka 1956 iliandikwa na wakoloni hao hao, nasi tuliitumia mpaka tulipotunga ya kwetu mwaka 2007. Ile alama nyekundu ya X unayoiogopa ukutani, ina ndugu zake kule Surrey. Tofauti ni kwamba kule inakuja kwa barua.

Ila hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia habari za kibali, wanafikiri Mwingereza hawezi hata kugongomelea msumari bila kumuuliza diwani. Si kweli! Serikali yao imetoa ruhusa ya jumla kwa mambo madogo ya nyumbani, na imeyaandika kwa mita. Ukibaki ndani ya vipimo hivyo, huombi kibali cha mipango.

Chukua mfano wa jiko. Unataka kulisogeza kwa nyuma, chumba cha chini tu kisicho na ghorofa. Kama nyumba yako imeungana na ya jirani, unaruhusiwa kutoka mita 3 kutoka ukuta wa nyuma wa asili. Kama imesimama peke yake, mita 4. Urefu kwenda juu usizidi mita 4. Ukitaka kusogea zaidi, mpaka mita 6 au 8, unaipelekea halmashauri taarifa, nayo inawaandikia majirani zako, ambao wanapewa siku 21 za kusema. Halmashauri ikikaa kimya siku 42 zikaisha, unaendelea.

Chumba cha darini? Unaweza kuongeza ujazo wa mita 40 kwa nyumba za msururu, na mita 50 kwa nyingine, lakini usiitokeze dari upande unaotazama barabara. Fensi mwisho mita 2, na ikiwa kando ya barabara ya magari mwisho mita 1, kwa hiyo zile kuta zetu zenye vipande vya chupa juu, sahau. Bustani ya mbele ukitaka kuimwagia zege upaki gari, tangu Oktoba 2008 ikizidi mita za mraba 5 na maji ya mvua hayana pa kunywea, lazima uombe. Na yote uliyoongeza, ukijumlisha na mabanda, yasimeze zaidi ya nusu ya ardhi inayoizunguka nyumba ya asili. Unajua nyumba ya asili ni ipi? Ni ile iliyokuwepo tarehe 1 Julai 1948. Kama imejengwa baadaye, ni jinsi ilivyojengwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mwenye nyumba wa mwaka 1970 akishamaliza mita zote kwa nyuma, wewe uliyenunua juzi umekuta sahani tupu!

Angalizo kwa wadogo zangu: vipimo hivyo ni vya England. Scotland na Wales wana vyao. Tena ni kwa nyumba, si kwa fleti. Na mtaa ukiwa wa kihistoria, au nyumba imeorodheshwa kama ya kale, usiguse kitu kabla ya kuuliza, maana kuichezea nyumba iliyoorodheshwa bila idhini ni kosa la jinai.

Ukishavuka vipimo, unaomba kibali kamili. Ada ya kupanua nyumba ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 258 hadi pauni 528, na kwa kawaida jibu linatakiwa litoke ndani ya wiki 8. Majirani wataarifiwa, na hapo utamu unaanza. Jirani anaruhusiwa kusema chumba chako kitamzibia mwanga, au dirisha lako litamchungulia chumbani. Haruhusiwi kusema nyumba yake itashuka bei. Anaweza kuandika, lakini halmashauri haitalihesabu. Kwa maneno ya uswahilini, wivu si hoja.

Na ukikataliwa? Hapo nikupeleke mji mwingine, Oxford, mtaa wa Headington. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1986 majirani waliamka wakakuta papa amezama kichwa chini kwenye paa la nyumba ya mtangazaji wa redio, Bill Heine. Papa wa fiberglasi, urefu kama mita 7 na nusu, mkia juu! Aliyemtengeneza ni mchonga sanamu John Buckley, na siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya bomu la Nagasaki. Heine alitaka watu wahisi jinsi kitu kinavyoweza kukuangukia kutoka juu ukiwa umekaa kwako.

Kibali hakuwa nacho. Halmashauri ya Oxford ikasema papa ni hatari, wakapima, wakakuta amefungwa imara. Wakamtaka ahamishie sanamu kwenye bwawa la kuogelea la umma, akakataa. Wakamnyima kibali. Heine akaipeleka rufaa mpaka serikali kuu, akatoa hoja mchana kweupe, na mwaka 1992 akapewa haki. Papa yupo juu ya paa mpaka leo, na mwaka 2022 halmashauri ile ile ikamwingiza kwenye orodha ya urithi wa mji!

Umeona mambo? Wote wawili walianza bila kibali. Mmoja alijifunika majani akapoteza kasri. Mwingine aliweka papa mahali ambapo kila mtu anamwona, akasimama akajieleza, akashinda. Rufaa ya mtu aliyenyimwa kibali cha kupanua nyumba haina ada, ila inatakiwa ndani ya wiki 12.

Sasa nije kwenye lile linalowahusu ndugu zetu wa majuu moja kwa moja: banda la uani. Kodi kule ni kimbembe, na mgeni aliyeshuka jana anatafuta pa kulaza ubavu. Mwenye nyumba anawaza, nina banda la bustani, natia kitanda, bomba la maji na jiko la umeme, napata chochote. Banda lenyewe unaruhusiwa kulijenga, kama liko karibu na mpaka wa jirani lisizidi mita 2 na nusu kwenda juu. Lakini ruhusa ni ya kuweka baiskeli, ofisi, mazoezi. Kulifanya nyumba ya kupangisha ni habari nyingine kabisa, inataka kibali chake.

Tena usijidanganye kwamba hawaoni. Mwaka 2013 halmashauri ya Slough, magharibi mwa London, ilirusha ndege yenye kamera za kupima joto juu ya mji mzima. Banda lenye jembe na ndoo linakuwa baridi. Banda lenye binadamu linatoa joto. Ramani ikajaa alama!

Ukipata notisi ukaipuuza, hilo ni kosa la jinai na faini yake haina kikomo. Halmashauri inaweza hata kuiomba mahakama itwae kodi yote uliyokusanya. Mpangaji wako yuko barabarani na begi lake, wewe huna banda wala akiba, na huku nyumbani mama anasubiri ile pesa ya kumalizia msingi. Na ule ujanja wa kusubiri miaka 4? Kwa ujenzi uliokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, England imeifanya kuwa miaka 10.

Kwa hiyo kama una kaka au dada yuko kule, mwambie hivi. Kabla ya kumwita fundi, apime kwa futi, asipime kwa macho. Kama yuko ndani ya vipimo, aombe halmashauri cheti cha kuthibitisha kwamba ujenzi wake ni halali, maana siku akiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi ataulizia karatasi. Akumbuke pia kwamba sheria za ubora wa ujenzi, zile za nguzo, moto na umeme, ni mlango mwingine na mkaguzi mwingine. Na kabla ya barua ya halmashauri kumfikia jirani, agonge yeye mwenyewe mlango na mchoro mkononi. Jirani aliyeshirikishwa kwa heshima mara nyingi hana barua ya kuandika.

Na ninyi mnaopanga kuzamia huko, mkikaribishwa banda la uani, muulizeni mwenyeji kibali kiko wapi. Atakasirika, lakini ni heri akasirike yeye kuliko kulala nje wewe.

Haya, wiki imekwisha. Tukutane tena Jumamosi ijayo panapo majaliwa, na kama unajenga, angalia ukutani kama hakuna X.